Baba, Dada na Jicho la Mtoto

Katika kusimamia mazoezi ya kufundisha, nimemsikia mara nyingi mwanachuo akimkemea mtoto wa darasa la kwanza aliyesoma "baba" mahali palipoandikwa "dada". Wenzake humcheka, naye huambiwa kuwa hatazami ubao. Baada ya wiki chache huhesabiwa miongoni mwa wazito. Mimi nasema mtoto huyo anautazama ubao sawasawa, kama jicho la binadamu litazamavyo.

Mwaka 1959, Hubel na Wiesel, wakichunguza ubongo wa paka huko Marekani, walieleza kuwa zipo seli zinazoitikia mstari wa mwelekeo fulani tu: hizi mstari wima, zile wa mshazari. Mwaka 1981 walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Mwalimu aweza kuonja jambo hili bila kifaa cho chote ila chaki. Achore mistari 20 iliyo wima na mmoja wa mshazari kati yake. Darasa zima litaunyoshea kidole papo hapo. Aongeze mistari iwe 40, wala hawatachelewa. Kisha aandike d nyingi na b moja. Sasa macho yatapita herufi moja moja, na kila herufi inayoongezwa hurefusha utafutaji. Kijiti ni kile kile, duara ni lile lile. Tofauti ni upande tu.

Na upande ndio jambo ambalo mtoto amezoea kulipuuza tangu alipoanza kutambua vitu. Jembe likielekea kulia au kushoto ni jembe lile lile, na kikombe hakibadiliki jina kwa kugeuzwa mkono wake. Huko ni kuona kwa akili. Herufi ndizo zinazomtaka aiache desturi hiyo, na sisi tuliosoma zamani tumesahau tulivyotaabika.

Kwa sababu hiyo siafiki mtindo wa kufundisha b na d katika somo moja, ati watoto "waone tofauti". Ifundishwe b mpaka mkono uizoee, hewani na mchangani, ndipo d ifuate majuma kadhaa baadaye. Chaki ya rangi hunasa jicho upesi, lakini isitumiwe mno: kitabu atakachopewa mtoto hakitampakia rangi tumbo la b.