Kope Haziponi kwa Chupa Moja

Asubuhi nyingi huamka kope zangu zimegandana. Nimeishi na hali hii kwa miaka mingi hapa Kisumu, na kila mtu ana la kuniambia: ndani ya matatu ya Kondele, sokoni Kibuye, hata matangani. Wengi wa washauri hao wananipenda. Hata hivyo mengi wanayoniambia si kweli, na mengine yanaweza kumpofusha mtu. Ndiyo maana nayajibu.

"Hayo ni macho mekundu, usinipe mkono." Macho mekundu ya kuambukiza, kama yale yaliyozuka Mombasa na Lamu mapema mwaka wa 2024, huja ghafla, hupitia nyumba nzima, na kwa kawaida huisha baada ya wiki moja hadi tatu. Yangu ni ugonjwa wa ukingo wa kope, pale nywele zinapoota. Madaktari huuita blefaraitisi. Mtu haupati kwa kusalimiwa wala kwa kutazamwa. Hutulia na kurudi kwa miaka: ukingo unakuwa mwekundu, unawasha, unachoma, unatoa magamba kama mba, na jicho linahisi kama limeingiwa na mchanga. Chekea zinazofuatana, moja ikikauka nyingine inachipuka, mara nyingi hutoka hapo hapo. Kwa hiyo mtoto mwenye chekea asisutwe kwamba alichungulia watu wakioga. Hakuchungulia mtu.

"Hunawi uso vizuri." Hili huumiza, kwa sababu mgonjwa wa kope hunawa kuliko wengi. Ndani ya kila kope mna safu ya tezi ndogo za mafuta, ishirini na kitu hadi arobaini hivi, ambazo daktari Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka wa 1666. Kila tunapopepesa, tezi hizo hutandaza utando mwembamba wa mafuta juu ya machozi ili yasikauke. Fikiria mafuta magumu ya kukaangia: motoni hutiririka, yakipoa kwenye sufuria huganda meupe. Mafuta ya kope zangu yamekuwa mazito namna hiyo, yameziba vinywa vya tezi, na bakteria ambao kila mtu anao ngozini wamepata pa kustawi. Sabuni ya kuogea ukiisugua hapo itazidi kuliwasha jicho.

Ndipo linapokuja lile swali la wengi: mbona wanaambiwa macho yao ni makavu, ilhali machozi yanawatiririka mashavuni? Utando wa mafuta ukikosekana, machozi ya kawaida hukauka upesi, jicho huchomeka, na mwili hulimwagia maji kwa wingi ili kulinusuru. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha, kwa hiyo hayakai. Mtu anaweza kulia kutwa nzima na jicho lake likabaki kavu.

"Ni moshi tu." Akina mama wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyoondolewa minofu, mtaani Obunga hukaa juu ya karai tangu asubuhi, na moshi ule huumiza macho kweli, kama vile vumbi linavyomuumiza mwenye bodaboda. Moshi huchochea ugonjwa huu, lakini hautoshi kuueleza. Wapo makarani wasiokaribia jiko walio na kope kama zangu. Kukodolea kioo cha kompyuta bila kupepesa nako huchangia. Anayekaanga samaki akikaa upande upepo unakotoka atapata nafuu, ila bado kope zake zinahitaji kutunzwa.

Kuhusu kuoshea macho kwa maji ya ziwa, au kutia mate, maziwa ya mama, asali na majani yaliyopondwa, jibu langu ni fupi: usifanye. Maji ya ziwa karibu na mji hupokea maji taka. Vitu hivi vinaweza kuingiza vijidudu kwenye kioo cha jicho, na kidonda cha kioo huacha kovu la kudumu.

Dai ninalolichukia kuliko yote ni hili: "Kuna matone, siku tatu umepona." Niliyaamini. Duka moja la dawa lilinipa chupa bila kuniuliza swali hata moja. Siku ya pili wekundu ulikuwa umeisha, nikamshukuru Mungu. Nilipoacha, ugonjwa ukarudi, nikanunua chupa nyingine, kisha nyingine. Yalikuwa matone yenye steroidi. Steroidi huzima wekundu upesi, lakini tezi zilizoziba zinabaki zimeziba. Ukiitumia kwa wiki nyingi bila kupimwa, inaweza kupandisha presha ya jicho, na presha hiyo kwa kawaida haiumi. Mshipa wa kuonea huliwa taratibu kuanzia pembezoni, na kilichopotea hakirudishwi na dawa wala upasuaji. Dawa hiyo hiyo huweza kuleta mtoto wa jicho, hata kwa kijana. Daktari wa macho huiandika mara nyingine, kwa siku chache, huku akipima presha. Mimi nilipopimwa, yangu ilikuwa imeanza kupanda. Niliwahi. Nawafikiria watoto wa hapa ambao macho huwawasha kwa mzio mwaka mzima, na mama zao hununua chupa hizo hizo kila mwezi.

Ukweli ni kwamba ugonjwa huu hautibiki mara moja ukaisha; hutunzwa, kama meno yanavyopigwa mswaki. Nanawa mikono. Nachovya kitambaa safi kwenye maji moto, nakikamua, nakijaribu kwanza kifundoni mwa mkono kisije kikaniunguza, kisha nakilaza juu ya kope zilizofumbwa. Hupoa upesi, hivyo nakichovya tena na tena kwa dakika tano hadi kumi. Mafuta yakilainika, nakanda kwa kidole kuelekea nywele: kope ya juu nashusha, ya chini napandisha. Mwisho nafuta ukingo kwa pamba yenye maji yaliyochemshwa yakapoa, na matone machache ya shampuu ya watoto. Asubuhi na jioni ugonjwa unapowaka, mara moja kwa siku ukitulia. Nafuu huchukua wiki kadhaa, na wengi huacha kabla haijafika. Wanja na kope za kubandika ziwekwe kando kwanza. Ikibidi, daktari ataongeza malhamu ya antibiotiki au vidonge vya doksisaiklini, ambavyo mjamzito na mtoto mdogo hawapewi.

Wapo pia wanaosema, "Kope haziui." Jicho moja tu likiwa jekundu kwa miezi, kiuvimbe kisichokwisha, nywele za kope zikipukutika sehemu moja, au nyama inayokua juu ya weupe wa jicho, hizo zinaweza kuwa saratani. Ya utando wa jicho inapatikana zaidi Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia, kwa sababu ya jua kali na Virusi vya Ukimwi. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi ya virusi hivyo nchini. Maumivu makali, kuona ukungu au kushindwa kuvumilia mwanga navyo havingoji kitambaa cha moto. Nenda hospitali kuu ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia, au panda hadi hospitali ya macho ya Sabatia, Vihiga.

Na wewe unayesoma haya ukiwa na chupa ya matone nyumbani, itazame sasa. Ikiwa imeandikwa jina la steroidi, kama deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, na hakuna mtaalamu wa macho aliyekuandikia, ibebe wiki hii uende nayo kliniki ya macho, upimwe presha ya jicho.