FUNDI WA KIJIJI: Taa ya Injini Isiyotaka Kuzimika

Mgodi wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na uchimbaji umekwisha. Lakini pikapu za zamani bado zipo barabarani. Zinabeba mpunga, mbao na watu kati ya Mwendakulima, Kahama mjini na Kakola. Mgonjwa akizidiwa usiku, pikapu hiyo hiyo inampeleka hospitali. Kwa hiyo ugonjwa wa gari hilo si wa mwenye gari peke yake.

Leo tuzungumze juu ya taa ya njano yenye picha ya injini. Inawaka. Fundi anaizima. Baada ya siku mbili tatu inawaka tena. Taa hiyo inasema nini?

Ndani ya gari mna kompyuta ndogo. Inaletewa habari na sensa. Sensa moja inapima joto la maji, nyingine hewa inayoingia, nyingine moshi unaotoka. Habari ikiwa si ya kawaida, kompyuta inaandika namba na kuwasha taa. Fundi anaisoma namba hiyo kwa mashine ndogo inayochomekwa karibu na usukani.

Toyota nyingi za petroli za miaka ya 1990 hazihitaji mashine hiyo. Chini ya boneti mna kiboksi chenye matundu. Fundi anaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya. Kisha anafungua swichi bila kuwasha injini. Taa inakonyeza, nawe unahesabu. Ikikonyeza mara 2, ikatulia kidogo, ikakonyeza mara 2 tena, hiyo ni namba 22. Ni ya njia ya sensa ya joto la maji. Ikikonyeza mfululizo bila kutulia, hakuna namba iliyoandikwa. Usiguse matundu mengine kwa kubahatisha. Unaweza kuunguza kitu cha bei kubwa.

Sasa shika sana jambo hili. Namba haikutajii kifaa kilichokufa. Inakuonyesha mahali pa kuanza kutafuta. Mtoto akilia huku ameshika tumbo, huenda ana njaa, huenda ana minyoo. Humpi dawa kabla ya kumpima.

Tuseme imetoka namba 22. Mwenye gari anauza gunia la mpunga, ananunua sensa mpya. Taa inarudi. Anauza gunia la pili, ananunua nyingine. Kumbe panya ametafuna waya! Sensa ikifa na waya ukikatika, kompyuta inaona jambo lile lile. Magunia mawili yamekwenda, na sare za watoto hazijanunuliwa.

Kwa hiyo anza na mambo yasiyo na gharama. Zima injini, iache ipoe. Fuata waya wa sensa hiyo kwa mkono tangu mwanzo mpaka mwisho. Chomoa soketi yake uitazame. Je, ina kutu? Ina maji? Kuosha injini kwa maji ya nguvu kunaleta matatizo mengi ya namna hii. Tazama pia waya mzito unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Ukilegea, sensa nzima zinaweza kuonekana mbovu. Halafu fungua chujio cha hewa. Kwa vumbi la barabara zetu, chujio huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Mwisho kabisa, mwambie fundi apime sensa yenyewe kwa mita. Asiyekuwa na mita asikuambie ununue kitu.

Kuna kosa jingine la mafundi wetu. Wanang'oa thamostati, wakisema ni kifaa cha nchi za baridi. Si kweli. Thamostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ikitolewa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaongeza mafuta, na fedha zako zinatoka kwenye bomba la moshi. Kwenye magari ya miaka ya karibuni utaona namba P0128. Hapo hata ukinunua sensa kumi, taa itarudi tu.

Wengine wanang'oa waya wa betri ili taa izimike. Ni kweli, namba inafutika. Lakini ugonjwa umebaki, na sasa fundi hana pa kuanzia. Andika namba kwenye daftari kwanza, pamoja na tarehe. Futa baada ya kutengeneza.

Kwenye magari ya karibuni, taa hiyo ikianza kukonyeza yenyewe mkiwa safarini, usiendelee kukimbiza gari. Injini inamisi vibaya, na mafuta yasiyoungua yanakwenda kuwakia kwenye bomba la moshi. Bomba linapata moto mkali sana. Punguza mwendo, kisha simama mahali pasipo na majani makavu.