Mtoto wa Askari Aliye Safarini

Askari anapopewa amri ya safari, macho ya watu wote humwelekea yeye. Hutazamwa mavazi yake, mzigo wake na saa ya kuondoka kwake. Huombewa dua na kupewa mkono wa kwaheri. Ni mara chache mtu kugeuka nyuma akamtazama mtoto aliyesimama mlangoni. Mtoto huyo naye ameanza safari siku ile ile, ijapokuwa hakufungiwa mzigo wala hakuambiwa atafika lini.

Watu wa Mombasa bara wazijua safari hizo tangu zamani. Katika bandari ya Kilindini, inayoonekana kutoka Likoni na Mtongwe, meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga mwezi wa Februari 1944 ikiwachukua askari wa Afrika ya Mashariki kwenda Ceylon. Tarehe 12 ya mwezi huo ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa watu wapatao 1,300. Tarehe 12 Desemba 1964 Jeshi la Wanamaji la Kenya likaanzishwa, na Mtongwe pakawa makao yake. Mwezi wa Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia, na mwishoni mwa Septemba 2012 yakashiriki kuuteka mji wa Kismayu. Mwezi wa Novemba 2022 askari wengine walipelekwa Goma, mashariki ya Kongo, hata Desemba 2023 wakarudi. Jeshi la Umoja wa Afrika katika Somalia lilibadilishwa jina mwaka 2022, na tena mwaka 2025. Lakini kwa mtoto wa Likoni majina hayo yote yana maana moja tu: mzazi wake hayupo.

Wengi hudhani kwamba kinachopungua nyumbani baba akiondoka ni fedha. Sivyo. Mshahara huendelea kuja. Kinachopungua ni wakati, hasa ule wa baina ya kutoka shule na magharibi. Hizo ndizo saa ambazo baba alikuwa akikagua daftari, akitengeneza baiskeli, au akiketi barazani tu huku mtoto akimzunguka. Siku hizi shule za Kenya hufuata mtaala wa umilisi, na mtoto huambiwa afanye kazi nyingi nyumbani kwa mikono yake akisaidiwa na mkubwa. Mama aliyebaki peke yake, mwenye mtoto mchanga mgongoni na chungu jikoni, atamsaidia saa ngapi? Wala si baba tu aondokaye. Wanawake nao hutumikia jeshini, na mmoja wao, Fatuma Ahmed, alipata cheo cha Meja Jenerali mwaka 2018, mwanamke wa kwanza wa Kenya kukifikia. Katika nyumba nyingine, basi, abakiye na watoto ni baba au nyanya.

Wasamaria wema hawakosekani, lakini wema mwingine hauna faida. Kuna wampao mtoto peremende na pole kila wapitapo, hata akajifunza kujiona maskini. Kuna wamwambiao mvulana wa miaka tisa, "Sasa wewe ndiwe baba wa nyumba hii." Neno hilo husemwa kwa mapenzi, lakini ni mzigo wa mtu mzima juu ya kichwa cha mtoto. Mvulana wa miaka tisa hawezi kuwa baba wa nyumba. Aweza kuchota maji, kusoma, kucheza na kulala mapema, na hayo yamtosha.

Tena kuna jibu la "karibuni". Mtoto huuliza, "Mama, baba atarudi lini?" Naye huambiwa, "Karibuni, mwanangu." Wiki zikapita, miezi ikapita, na neno la mama likapungua thamani. Afadhali angejibiwa hivi: "Siku siijui, mwanangu. Nijualo ni kwamba kesho alasiri utakwenda kwa babu yule mwalimu, naye anakungoja." Jibu hili ni la kweli, tena lampa mtoto jambo la kushika.

Kazi za kumfaa mtoto huyo ni nyingi, wala hazihitaji fedha nyingi. Ya kwanza ni ramani. Mtoto huogopa zaidi mahali asipopajua. Na aonyeshwe Kismayu, kaskazini-mashariki ya Mombasa, umbali wa kama kilomita 500, na mstari wa Ikweta unaopita juu kidogo ya mji huo. Aelezwe jinsi upepo wa kusi ulivyosukuma majahazi kuelekea huko, na kaskazi kuyarudisha. Aambiwe kwamba watu wa visiwa vya karibu na Kismayu husema Kibajuni, na wa Barawa husema Chimwini, nazo ni ndugu za Kiswahili anachokisema yeye. Hapo jina lililokuwa la kutisha hugeuka kuwa mji wenye watu na soko.

Ya pili ni daftari. Simu yaweza kuita leo, kisha ikanyamaza siku nyingi. Mtoto aandike kila Ijumaa jambo moja aliloliona au alilojifunza, ili mzazi alisome atakaporudi. Asiyejua kuandika achore. Daftari hilo lisitaje kambi, tarehe ya meli wala idadi ya watu. Mambo hayo hayasemwi hata kwa simu.

Ya tatu ni kazi ya mikono na ya mwili. Nyanya ajuaye kusuka ukili ana shule nyumbani kwake. Fundi seremala aweza kumpa mtoto kipande cha ubao achonge ngalawa ndogo. Mchicha huota katika gunia la udongo nje ya mlango. Kuna bao, kuna kuogelea pamoja na mtu mzima ajuaye maji, kuna uskauti, ambao mwanzilishi wake Baden-Powell, aliyefariki Nyeri mwaka 1941, alikuwa yeye mwenyewe jenerali. Siku ya mapumziko mtoto wa Likoni aweza kuvuka feri kwa miguu bila kulipa kitu, akaenda kuitazama Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593.

Lakini lililo kubwa kuliko kazi zote hizo ni kutokukosa. Kule Bamburi, upande wa Kisauni, kuna bustani ya wanyama ya Haller Park, iliyostawishwa katika machimbo ya zamani ya saruji. Mwezi wa Desemba 2004, baada ya mawimbi makubwa ya tsunami, aliokolewa pwani ya Malindi mtoto wa kiboko aliyebaki peke yake. Alipewa jina la Owen, akaletwa Bamburi. Alipofunguliwa alimkimbilia kobe mkubwa aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kupita miaka 100, akajibanza nyuma yake. Baadaye wakala pamoja na kulala pamoja. Kobe hakuwa na chakula cha kumpa wala nguvu za kumtetea. Alikuwapo tu, leo na kesho yake. Mtoto wa askari apelekwe kumwona kobe wa Bamburi, na mtu mzima amsindikizaye ayatie moyoni mafunzo hayo.

Kwa maana kuanza ni rahisi. Mtu huahidi kumfundisha mtoto kila Jumatano, akaja Jumatano mbili, ya tatu akapata shughuli. Mtoto aliyekwisha kuachwa na safari moja huachwa tena, na mara hii hakuna amri ya jeshi ya kumpa sababu. Ahadi ni deni, na deni la mtoto ni zito. Asiyeweza kila wiki aahidi mara moja kwa mwezi, lakini atimize.

Ziko siku ambazo jambo hili huwa zito zaidi. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wa Kenya ilishambuliwa El Adde, Somalia, na askari wengi wakauawa. Habari za namna hiyo hupita katika simu, pamoja na picha na uvumi, kabla ya mjumbe rasmi kubisha hodi. Walioko kambini hufahamiana. Lakini familia iliyopanga chumba Changamwe au Kisauni yaweza kukaa mwaka mzima bila jirani kujua mwenye nyumba yuko wapi. Siku ya habari mbaya mtoto hawezi kuzoezwa mlezi mpya. Humkimbilia yule aliyemzoea tangu siku za amani, aliyemfundisha kushona au kusoma ramani. Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa pili sharti uwe umekwisha kuzoeleka.

Na mzazi akirudi salama, asianze kwa kutoa amri. Atamkuta mtoto amerefuka, anajua kuogelea, ana bustani na daftari lililojaa. Kwa wiki ya kwanza awe mwanafunzi: asomewe daftari, aonyeshwe ramani, afundishwe kusuka.

Basi jirani yeyote wa Likoni, Changamwe au Kisauni ajuaye nyumba ya namna hiyo na achague alasiri moja, azungumze kwanza na mama wa nyumba, kisha aitimize. Na siku atakayougua, amtume mtu kumwambia mtoto mapema, kabla hajaanza kumngoja mlangoni.