Mwisho Mwema Si Uandishi wa Kitoto

Wapo wasomaji wanaojiona makini ambao riwaya ya wanaume wawili wapendanao huwakolea pale tu mmoja wao anapojinyonga, kufungwa, au kurudi kwa mkewe akilia. Wawili hao wakiishi pamoja hadi ukurasa wa mwisho, basi kitabu hutupwa kwenye kapu la riwaya pendwa: kitamu, chepesi, cha kupitishia muda garini. Mimi huzisoma riwaya hizo kwa raha, za kale na za leo, na dharau hiyo naiona ni uvivu.

Chukua Maurice, riwaya ya E. M. Forster, aliyoiandika mwaka 1913 na 1914, enzi ambazo Uingereza mwanamume alifungwa kwa mapenzi hayo. Njia rahisi ilikuwepo: amuue shujaa wake, wasomaji wasikitike, kitabu kitoke. Alikataa. Maurice, dalali wa hisa, anampenda Alec, mtumishi anayelinda wanyama wa mawindo, ambaye usiku mmoja alipanda ngazi na kuingia chumbani mwa Maurice kwa dirishani. Kumuua mhusika ni kazi ya ukurasa mmoja. Kuwaweka hai watu wa matabaka mawili, sheria ikiwa dhidi yao, kunamlazimu mwandishi ajibu watapoteza nini na watakwenda wapi. Forster alijibu, kisha akaeleza baadaye kwamba mwisho huo mwema ndio uliokifanya kitabu kiwe kigumu kuchapishwa. Juu ya muswada aliandika kwamba waweza kutolewa, ila akajiuliza kama kuna haja. Sheria ililegezwa England na Wales mwaka 1967, yeye akafariki 1970, riwaya ikatoka 1971.

Dharau hiyo ingalipo. Riwaya ya The Song of Achilles ya Madeline Miller ilipata Tuzo ya Orange mwaka 2012, na humo wapenzi wote wawili wanakufa. (Simlaumu Miller, Patroclus, mmoja wao, aliuawa na mshairi Homer zamani.) Lakini Red, White & Royal Blue ya Casey McQuiston, ya mwaka 2019, ambamo mtoto wa rais wa Marekani na mwanamfalme wa Uingereza wanaangukia keki ya harusi na hatimaye kupendana, huitwa burudani tu. Kuchekesha vizuri nako ni ufundi, jamani.

Anayedhani mwisho mwema ni jambo jepesi aitazame Rafiki, filamu ya Kenya kuhusu wasichana wawili wapendanao, iliyotokana na hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Mwaka 2018 mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, alisema wadhibiti wa filamu walimtaka abadili mwisho kwa kuwa una matumaini mno. Hakuubadili. Filamu ikapigwa marufuku, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikairuhusu kuonyeshwa kwa siku saba tu. Watazamaji wakajaa ukumbini Nairobi.