Daftari Lipo, Dawa Haijulikani Iliko

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Leo nawaletea mali yenye daftari, tena daftari linalofungiwa kabatini kwa kufuli, ambayo bado huisha bila habari. Mali yenyewe ni dawa za ADHD.

Najua kuna msomaji atakayeuliza: blogu ya mambo ya tarakilishi inatafuta nini kwenye vidonge? Jibu langu ni kwamba uhaba wa dawa hizi ni matatizo mawili yaliyovaa shati moja. Kuna uhaba wa dawa, na kuna uhaba wa habari kuhusu dawa. Wa kwanza ni mgumu, unahusu mikataba ya kimataifa, pesa na viwanda vya mbali. Wa pili unatatulika kwa simu ya kabambe iliyo mfukoni mwa mama mboga wa soko la Kakamega. Kama haujatatuliwa ni kwa sababu hakuna mkubwa aliyeona haja. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Tuanze mwanzo. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mwenye nayo hupata taabu kushikilia umakini, kupanga mambo, kutulia, na kumaliza alichoanza. Makadirio ya kimataifa ni takriban mtoto 1 kati ya 20, na wengi hukua nayo hadi utu uzima. Kwetu hali hii ina majina mengine: mtukutu, mvivu, kichwa maji, amerogwa. Matibabu yake ni fimbo. Wachache wanaobahatika kufika kwa daktari na kupimwa huandikiwa dawa, na huo ndio mwanzo wa safari nyingine. Mimi ni mmoja wa hao wachache, kwa hiyo msinitarajie niandike kwa upole.

Dawa inayoandikwa sana ni methilfenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin. Si dawa mpya. Ilitengenezwa mwaka 1944 huko Basel, Uswisi, na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, na jina la Ritalin likatokana na mkewe, aliyeitwa Rita kwa kifupi. Imekuwa sokoni tangu miaka ya 1950. Hataza yake ilikwisha zamani, kwa hiyo asije mtu akatuambia eti ni teknolojia ya siri.

Sasa kwa nini huadimika? Kuna milango mitatu, na kila mmoja una bawabu wake.

Mlango wa kwanza ni sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu vitu vinavyoathiri akili uliiweka methilfenideti katika Jedwali la Pili, pamoja na amfetamini. Maana yake ni kwamba kila shehena inayoingia nchini inahitaji kibali. Kibali kikichelewa, dawa inachelewa.

Mlango wa pili ni orodha. Shirika la Afya Duniani huchapisha orodha ya dawa muhimu, na serikali nyingi hununua kwa kuitazama hiyo. Mwaka 2019 kamati yake iliombwa iiingize methilfenideti, ikakataa. Ikaombwa tena mwaka 2021, ikakataa tena, ikisema ushahidi hautoshi. Sitaki kubishana na wataalamu hapa, ila matokeo yake ni wazi: afisa wa ununuzi mwenye bajeti finyu ana kisingizio tayari.

Mlango wa tatu ni soko na pesa. Madaktari wa magonjwa ya akili nchini ni wachache na wengi wako Nairobi, kwa hiyo wanaopimwa ni wachache. Kwa kuwa wanaopimwa ni wachache, mwagizaji huleta kidogo. Kwa kuwa huletwa kidogo, huisha haraka. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, hospitali ziko mikononi mwa kaunti, na habari za kaunti kudaiwa mabilioni na KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa, tumezisoma mwaka baada ya mwaka. Katika foleni hiyo ya madeni, dawa ya mtoto asiyetulia darasani haitangulii.

Na dunia nzima ikikaukiwa, sisi tulio nyuma ya foleni tunakauka zaidi. Oktoba 2022 Marekani ilitangaza rasmi upungufu wa Adderall. Septemba 2023 Uingereza ikatoa tahadhari ya kitaifa kuhusu dawa za ADHD. Lakini hebu tazama tofauti. Wenzetu walitangaza. Agosti 2023 mamlaka mbili za Marekani zilitoa barua ya wazi zikisema kwamba mwaka 2022 watengenezaji wa dawa za amfetamini waliuza asilimia 70 hivi tu ya kiwango walichoruhusiwa, na kwamba takriban dozi bilioni 1 ambazo zingeweza kutengenezwa hazikutengenezwa wala kusafirishwa. Barua haikumponya mtu siku hiyo. Lakini mwananchi alijua tatizo liko wapi na amkalie nani kooni. Wewe wa Lurambi au Shinyalu, utamkalia nani?

Haya, turudi nyumbani. Mgonjwa wa Kakamega akiishiwa hufanya kile ambacho sisi watu wa programu tunakiita utafutaji wa mstari: anauliza duka la kwanza, la pili, la tatu, mpaka orodha iishe. Mjini Kakamega ikikosekana, anapanda matatu kwenda Kisumu, kilomita kama 50. Kisumu ikikosekana, Eldoret, kilomita kama 100 kutoka Kakamega. Kisha anampigia binamu aliye Nairobi. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza pale Masinde Muliro angeambiwa na mhadhiri wake kwamba huo ndio utafutaji mbaya kuliko wote, na hapa kila hatua ina nauli. Ukijaribu simu, wenye maduka wengi hawataki kumjibu mtu wasiyemjua kuhusu dawa inayodhibitiwa. Nimeshaulizwa, kwa sauti ya polisi, namba yao nimeipata wapi. Iko kwenye kibao nje ya duka!

Tena zingatieni ukatili wa jambo hili. Mtu ambaye ugonjwa wake ni kushindwa kupanga mambo na kufuatilia hatua, ndiye anayeambiwa apange safari za miji mitatu na afuatilie simu ishirini, akiwa hana dawa. Ni kama kumwambia aliyevunjika mguu apande ngazi kwenda kuchukua magongo.

Sasa nifike kwenye daftari. Mkataba ule ule wa 1971, katika kifungu cha 11, unataka kumbukumbu za kila dawa ya Jedwali la Pili inayopokelewa na inayotoka: kiasi, tarehe, aliyeleta na aliyepewa. Si kwa waagizaji peke yao. Ni mpaka duka la rejareja na hospitali. Yaani katika dawa zote nchini, hizi ni kati ya zile zinazohesabiwa kwa makini zaidi. Panadol hakuna anayejua ziko ngapi Kakamega leo. Methilfenideti, kama sheria inafuatwa, imeandikwa mahali, kidonge kwa kidonge.

Kwa hiyo serikali ina hifadhidata ambayo huandikwa mwaka mzima, na swali pekee inaloulizwa ni: nani ameiba? Swali la pili, dawa iko wapi, haliulizwi, ingawa jibu liko kwenye safu zile zile. Katika kazi yetu, mtu akijenga mfumo wa namna hiyo hufukuzwa. Huku hupandishwa cheo.

Wataniambia Afrika haina miundombinu. Uongo. Mwaka 2009 na 2010, Tanzania ilijaribu mradi wa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Vituo 129 vya afya vilikuwa vikipokea ujumbe mfupi kila wiki kuulizwa akiba ya dawa za malaria. Mhudumu anajibu kwa simu yake mwenyewe, akijibu kwa wakati anapewa muda wa maongezi wa bure, na afisa wa wilaya anaona nani amepungukiwa na nani ana ziada. Vituo vilivyokosa angalau dawa moja kati ya zilizofuatiliwa vilishuka kutoka asilimia 78 wiki ya kwanza hadi asilimia 26 wiki ya 21. Hakukuwa na simu za kisasa wala akili mnemba. Ulikuwa ujumbe wa herufi 160 na mtu wa kuusoma.

Na hapa Kenya? Tulieneza DHIS2, mfumo wa takwimu za afya wa chanzo huria, nchi nzima mwaka 2011. KEMSA hupokea maagizo ya dawa kwa mtandao. Bodi ya Famasia na Sumu iliwapa wananchi namba ya kutumia SMS ili wahakikishe duka lina leseni. Nchi iliyozaa M-Pesa mwaka 2007 haiwezi kusema imeshindwa kumwambia mgonjwa neno "ipo" au "haipo".

Pingamizi kubwa nalijua: ukitangaza dawa ya kulevya iko duka gani, wezi watavunja. Hoja hii ni ya kweli na inastahili jibu. Jibu ni kwamba hakuna anayeomba idadi ya vidonge ibandikwe ukutani. Mfumo unaweza kumjibu tu mwenye namba ya siri iliyoandikwa kwenye karatasi ya daktari, namba inayokufa ikishatumika. Mgonjwa anatuma namba hiyo na jina la mji, anajibiwa duka moja lililo karibu, basi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 tayari inasema habari za afya zishughulikiwe vipi. Kwa hali ya sasa mgonjwa anazunguka mji mzima akionyesha watu karatasi yake. Huo ndio usalama tunaoulinda?

Pingamizi la pili ni lile la kunong'onezwa: haya ni magonjwa ya wazungu. Dawa za ARV zilipokwama bandarini Mombasa mwaka 2021 kwa mvutano wa kodi, wanaharakati waliandamana na taifa likasikia. Walikuwa wamepigana miaka mingi na unyanyapaa mpaka wakapata sauti. Wa ADHD hawajaandamana kwa sababu wengi wao wanaona haya hata kutaja jina. Mficha uchi hazai, na anayeficha maradhi hapangiwi bajeti.

Ninachodai ni vitu vinne, na hakuna kinachohitaji jengo jipya:

1. Bodi ya Famasia na Sumu iweke ukurasa wa wazi wa dawa zilizopungua nchini, ukiwa na tarehe na sababu. Kibali kimechelewa? Useme. Kiwanda kimesimama? Useme.

2. Kumbukumbu za dawa zinazodhibitiwa ziandikwe kidijitali, na maduka yenye leseni yatume akiba kila wiki kwa SMS, kwa mtindo wa Lindi na Ulanga.

3. Kaunti ya Kakamega, yenye watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sensa ya 2019, iwe ya kwanza kujaribu huduma ya "ipo, haipo, inakuja". Ina wagonjwa, ina hospitali ya rufaa, ina chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Inakosa nini?

4. Msimbo wa mfumo huo uwe chanzo huria, ili Vihiga na Bungoma wasije wakauziwa upya kwa mamilioni na mjomba wa mtu.

Wakati tukisubiri, kwa wenzangu mnaohangaika: ombeni karatasi mpya wiki mbili kabla ya kuishiwa, si siku ya mwisho. Mwombeni daktari aandike dawa kwa jina lake halisi, si la kampuni, na aeleze mbadala unaokubalika. Kidonge cha kawaida cha methilfenideti hufanya kazi saa tatu au nne hivi, cha kutoa dawa polepole hufika nane hadi kumi na mbili, kwa hiyo kubadilisha kimoja kwa kingine ni hesabu ya daktari, si yako wala ya mwenye duka. Kuna dawa zisizo za jamii hii, kama atomoksetini, ambazo haziko kwenye jedwali lile. Ulizeni kama zinawafaa. Kama unatumia klonidini, usiikatize ghafla, shinikizo la damu linaweza kupaa. Msigawane vidonge, wala msinunue kwa mtu wa mtandaoni asiye na leseni. Hujui kilichomo.

Lakini hayo yote ni kujikuna pale mkono unapofika. Mgonjwa hakupaswa kuwa mtaalamu wa ugavi ili aweze kumaliza siku yake ya kazi. Daftari lipo, wino upo, simu zipo. Anayekataa kulifungua ndiye atuambie analificha kwa faida ya nani. Mwenye hoja tofauti na ailete, uwanja ni wazi.