Fidla Isiyasahau Maneno

Fidla ikilia watu hucheza. Inalilia nini, wachache huuliza. Mwaka 1856 Benjamin Hanby, kijana wa Ohio huko Marekani, alitunga wimbo uitwao "Darling Nelly Gray". Ni kilio cha mtumwa wa Kentucky ambaye mpenzi wake ameuzwa, akafungwa minyororo na kupelekwa Georgia.

Baadaye wapiga fidla waliyachukua mahadhi yake wakayafanya ya densi ya mraba. Jozi nne husimama pande nne zikielekeana, na kiongozi huwaimbia hatua za kucheza mahali pa beti za Hanby. Jina la Nelly limesalia, lakini sasa ni la mwenzi anayezungushwa kwa furaha. Ati yule aliyeuzwa ndiye anayekumbatiwa!

Siilaumu fidla, kwani imeyahifadhi mahadhi. Lakini mimi mtunzi wa mashairi nasema mahadhi ni jahazi, na maneno ndiyo shehena. Jahazi likiingia bandarini tupu, mwenye mali hana cha kupokea. Yafaa kiongozi, kabla ya kuita hatua ya kwanza, awaeleze wachezaji Nelly alikuwa nani na alipelekwa wapi. Wakisha kujua, na wacheze.