KISU CHA YEHOYAKIMU



Soma Yeremia 36. Mfalme Yehoyakimu aliposomewa gombo, alilikata kwa kisu, kipande baada ya kipande, akalitupa motoni. Je, lilikuwa na uchafu? La. Lilimwita atubu.

Mimi napinga uchafu wa mitandaoni. Watoto wetu walindwe. Lakini kabla hujaitikia "Amina" kwa kila sheria ya kuziba watu midomo, jiulize: kinacholindwa ni mtoto, au ni kiti? Aprili 2025 wasichana wa Butere walifika Nakuru na mchezo wa kuigiza kuhusu vijana na utawala. Mahakama Kuu ilikuwa imewaruhusu. Bado polisi walirusha vitoa machozi. Hapo alikuwa analindwa nani?

Kisu tunachomnolea mwimba matusi leo, kesho kitafika madhabahuni, siku mhubiri atakapotaja wizi wa mali ya umma.

Yehoyakimu alichoma gombo, hakuchoma Neno. Yeremia aliandikisha tena, na maneno yakaongezeka.

Mzazi, kagua simu ya mtoto wako leo. Kazi hiyo usimwachie mfalme. Kisha ombea viongozi wetu wakubali kuonywa.